Ukija Ngomeni usikimbilie getini

Mtoto wa ndugu yangu alikuja juzi Mombasa na treni kutoka Nairobi, akaniambia Ami nataka unipeleke Fort Jesus, hii ngome yenu ya Wareno, lakini nina saa moja tu, nipige picha na mizinga halafu twende tukale biriani. Nikamwambia sawa twende, ila hiyo saa moja itaisha tukiwa nje hata tiketi hatujakata. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Mie kazi yangu ni chokaa. Si mtembeza wageni wala si mwanahistoria wa chuo, ni fundi wa majengo ya kale, nyumba za mawe za Mji wa Kale, kuta za misikiti, visima, na watu wakiniona nimesimama mbele ya ukuta nimeuwekea kiganja hudhani nimepatwa na jambo, kumbe nautazama tu kama una unyevu. Kwa hiyo nikikwambia namna ya kuitembelea ngome jua nakwambia kwa macho ya mtu wa kuta.

Sasa. Watu wakishuka kwenye tuktuk huenda mbio hadi getini, na ile bustani ya nje waipita kama stendi. Ndo kosa la kwanza. UNESCO walipoiweka ngome kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011 hawakuandika jengo peke yake, waliandika eneo la hekta 2.36 pamoja na handaki na sehemu zinazolizunguka, yaani pale unapokaa kivulini ukanywa dafu ni sehemu ya ngome vilevile. Kaa kwanza. Angalia kunguru tu, ukiwa na chipsi mkononi hawana haya kabisa.

Hapo nje kuna mizinga miwili ambayo wengi wapigia picha wakidhani ni ya Mreno. Si ya Mreno hata kidogo! Mmoja ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus na mwingine ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar ikaizamisha, halafu yenyewe ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza wakaifuata mpaka ikaisha hukohuko Julai 1915, Wajerumani nao wakaing'oa mizinga yake wakawa wanaikokota nchi kavu kupigania Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo aliyepiga na aliyepigwa wamewekwa uwanja mmoja na watoto wawapanda wote wawili.

Ukitoka hapo fuata ukingo wa handaki, polepole, na uangalie ukuta kutoka chini kwenda juu, si kutoka juu kwenda chini. Nilimuuliza yule kijana, waona ukuta waanzia wapi? Akanionyesha chini kabisa. Nikamwambia tazama tena. Manake ile sehemu ya chini si ukuta, ni mwamba wenyewe wa matumbawe, ile miamba ambayo kisiwa chote cha Mvita, yaani Mombasa, kimekalia, umechongwa tu ukasimama wima, halafu juu yake ndo mawe yakaanza kupangwa. Ukisogea utaona mwamba hauna viungo, juu kuna viungo vya chokaa. Mwenye ujanja wa ujenzi atakwambia ukichonga handaki kwenye mwamba wapata vitu viwili kwa jasho moja, shimo la kumzuia adui na mawe ya kujengea.

Aliyechora ramani yake ni Mtaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, alikuwa akiwafanyia Wareno kazi India, na aliyeamrisha ijengwe ni mfalme Philip wa Pili wa Hispania ambaye wakati huo alikuwa ameshika na Ureno pia. Ilizinduliwa tarehe 11 Aprili 1593 na kazi kubwa ikaisha 1596. Ukiitazama kwa drone yaonekana kama mtu amelala, kichwa kimeelekea baharini na mikono na miguu ndo ile minara minne ya pembeni, São Mateus, São Matias, São Filipe na São Alberto. Wasomi wa Ulaya enzi hizo waliamini mwili wa binadamu ndo kipimo kizuri cha jengo.

Lakini uzuri si umbo la mtu, uzuri ni pembe. Simama upande wa nchi kavu utazame São Filipe na São Alberto, utaona zile mbavu zao zinazotazamana zimeingia ndani kama kwapa. Hiyo si mapambo. Mizinga ikikaa mle kwapani, adui akijibanza chini ya ukuta wa huku anapigwa na mnara wa kule, akikimbilia kule anapigwa na wa huku, na wapigaji wenyewe wamefichika. Hakuna pahali pa kujificha. Kijana wangu hapo akanyamaza, simu akaitia mfukoni, nikajua ameingia.

Haya, chokaa. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Kuta hizi zimeshikwa na chokaa, si simiti. Chokaa ya pwani inatokana na matumbawe hayohayo: wapanga magogo, juu yake wapanga mawe ya matumbawe, hilo ndo tanuu, watia moto uwake mpaka jiwe lipoteze uzito na liwe jeupe kama unga wa mhogo. Kisha yatiwa maji, na hapo kaa mbali, inachemka yenyewe bila moto na ikikurukia jicho umekwisha. Halafu inavundikwa, na kadiri unavyoivundika ndivyo inavyokuwa laini kama siagi, fundi mwenye haraka huyo si fundi wa chokaa. Ikishapakwa ukutani inaanza kuvuta hewa ileile ya kaboni iliyotolewa na moto, polepole, miaka, na inarudi kuwa jiwe la aina ileile ilikotoka. Yaani jiwe na kiungo chake ni ndugu wa baba mmoja. Wakipata joto wanatanuka pamoja, unyevu ukiingia unatoka, ukuta unapumua.

Simiti haipumui. Niliitwa wakati mmoja nyumba fulani hapa mjini, mwenyewe simtaji, alikuwa ameona ukuta wa bibi yake unachanika chokaa akaleta kijana akampigia plasta ya simiti safi, laini, rangi juu, akafurahi. Mvua mbili tu. Chumvi ya baharini iliyokuwa ikitoka nje taratibu na unyevu ikakosa njia, ikakaa nyuma ya ile plasta ikawa inaganda na kuvimba, na plasta ilipong'oka ilibeba na nyama ya ukuta, matumbawe yakawa unga mkononi, ukiyafikicha yanamwagika. Alinilaumu mie niliyeitwa baadaye! Kwa hiyo ukipita Ngomeni ukaona sehemu ukuta una madoa, una weusi, hauna rangi moja kama hoteli, usiseme wameutupa, huo ukuta unafanya kazi yake. Kitakachokutisha ni kijiti cha mti kinachoota kwenye ufa, hicho ndo adui, leo ni jani kesho ni mzizi unaopasua jiwe.

Na bahari. Upande wa mashariki mawimbi yamekuwa yakila mwamba kwa chini miaka mingi mpaka ikabidi ujengwe ukuta wa kuzuia maji. Kuna wanaosema umeharibu sura ya zamani. Mie nasema afadhali sura iharibike kidogo kuliko kichwa cha yule mtu aliyelala kiingie majini.

Basi, tukakata tiketi, siku hizi ni kwa simu kwa hiyo uje na chaji.

Ukiingia getini inua macho usome jiwe la maandishi la mwaka 1635, hata kama Kireno hujui. Aliyeliweka ni kapteni Francisco de Seixas Cabreira, anajigamba kuwa ameijenga ngome upya na amewatia adabu wafalme wa pwani, Pate, Pemba na wengine. Majigambo yote hayo yana sababu. Miaka minne nyuma, Agosti 1631, Sultan Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimchukua mdogo wakamlea Goa, India, na kumbatiza jina la Dom Jerónimo baada ya baba yake kuuawa kwa njama zao, aliingia ngomeni na watu wake akamuua kapteni na akaichukua ngome yote. Wareno walileta majeshi mwaka uliofuata wakaizingira wakashindwa, ikabidi waondoke, baadaye Yusuf mwenyewe ndo akaiacha akaondoka kwa jahazi. Kwa hiyo zile pembe zote za Cairati nilizozisifu pale nje zilimshinda adui wa nje tu, mtu aliyepita mlangoni hazikumweza.

Katikati ya uwanja kuna misingi ya kanisa, mawe machache tu na wengi wayaruka. Simama hapo kidogo. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na hilo ndo neno lililotuzalia gereza. Pwani ngome kadhaa za zamani huitwa hivyo, ukienda Kilwa Kisiwani ngome yao ni Gereza, Zanzibar kadhalika. Halafu Waingereza walipochukua nchi 1895 wakaifanya hii yetu jela kweli, mpaka 1958, ndo neno likapata maana iliyobaki nayo. Kijana akaniuliza, sasa Ami, mtu akifungwa anapelekwa kanisani? Nikamwambia kwa lugha, ndiyo.

Makumbusho ndani yalifunguliwa 1960, baada ya mwanaakiolojia James Kirkman kuchimba na kutengeneza kwa pesa za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Sitakutajia kila kabati. Vyungu na sahani za China ni nyingi, tazama upendavyo. Mie nikiingia huenda moja kwa moja kwenye kile kipande cha ukuta chenye michoro ya askari wa Kireno, merikebu, makanisa, watu, wamechora kwa mkaa na udongo mwekundu kama watoto wa skuli wanavyochora nyuma ya daftari mwalimu akiwa hayupo. Walikuwa zamu, joto, hawana la kufanya, na wametamani kwao. Na waliochora walichora juu ya chokaa, ndo maana imebaki!

Vitu vya ile meli Santo António de Tanná pia vimo. Hii ilitumwa kuokoa ngome wakati Waomani wameizingira, mzingiro ulioanza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, miezi 33. Njaa na maradhi viliua watu ndani kuliko risasi, kuna wakati ngome ilishikwa na mwana wa kifalme wa Faza, kisiwani Pate, Bwana Daud, na watu wake Waswahili, manake Wareno karibu wote walikuwa wamekufa. Hili halitajwi sana na sijui kwa nini, watu wapenda hadithi ya Mreno na Mwarabu peke yao kama kwamba sisi tulikuwa tunauza njugu pembeni. Meli yenyewe ikazama hapohapo mbele ya ngome 1697, ikalala miaka mia tatu kasoro kidogo mpaka wapiga mbizi wakaifanyia kazi 1977 hadi 1980. Na ngome ilipoanguka, meli nyingine za msaada zikafika siku chache tu baadaye, zikaona bendera si yao, zikageuza.

Baada ya hapo kuna Mazrui, ukoo wa Kiomani, waliotawala humu karibu miaka mia, mpaka Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowatoa 1837. Kwenye São Filipe kuna nyumba ya Kiomani, panda juu ya sakafu yake. Sakafu hizi zilikuwa zikipigwa: boriti za mikoko, juu mawe, juu chokaa na kokoto, halafu watu wanapanga mstari na vijiti wanapiga siku nyingi huku wanaimba, ili ifinyane na kufunga tundu zote maji yasipite. Upepo wa pale juu nao ni bure, bahari, madau, Mji wa Kale wote chini yako.

Kuna pia njia ya ngazi iliyochongwa ndani ya mwamba kushuka kuelekea baharini. Nilimwambia kijana aweke kiganja ukutani humo. Pabaridi, pana unyevu kidogo, mchirizi wa patasi bado waonekana. Akakaa ameweka mkono kwa muda mrefu hata watalii wawili wakampiga picha, wakadhani ni mila.

Tulipotoka ilikuwa alasiri imeadhiniwa. Tukapita Ndia Kuu kutafuta biriani, pahali pa kwanza imekwisha, pa pili imekwisha, tukaishia viazi karai na ukwaju kando ya njia, kijana akilalamika njaa na huku akigonga kila ukuta kwa kidole akiniuliza hii simiti ama chokaa.