"Lakini Naiona kwa Simu!": Dhana za Kamera Ambazo Zimenichosha

Jumatatu asubuhi, sijamaliza hata chai, simu inalia. Ni mama mmoja ana duka la jumla upande wa Kondele hapa Kisumu, nilimfungia kamera nne miaka mitatu iliyopita. "Fundi kuja mbio, wamevunja usiku, lakini tutawashika tu, kila kitu iko kwa kamera." Nikafika, nikapiga magoti chini ya kaunta pale rekoda inakaa, lile boksi la kuhifadhi picha za kamera, katikati ya magunia ya sukari na katoni za sabuni, nikafungua kalenda ya rekodi. Wenye wana hizi mashine wanajua siku yenye imerekodiwa huwa na alama. Wiki hii hakuna alama. Wiki iliyopita hakuna. Nikarudi mwezi, nikarudi mwezi mwingine, alama ya mwisho ilikuwa Februari na sisi tuko Juni. Mama amesimama nyuma yangu, simu mkononi, amefungua apu ananionyesha duka lake laivu, picha safi kabisa, mpaka mgongo wangu mwenyewe nikiwa nimeinama nauona pale. "Si hii hapa inafanya, fundi? Mimi huangalia kila siku!"

Hiyo sentensi nimeisikia Nyalenda, nimeisikia Mamboleo, nimeisikia mpaka Nakuru kwa mwenye agrovet Lanet, na leo nimeamua kuiandika nipumue.

Kuona laivu na kurekodi ni kazi mbili tofauti. Picha ikitoka kwa kamera inafika kwa rekoda, na hapo inashika njia mbili, moja inaenda kwa skrini na simu yako, nyingine inaenda kuandikwa kwa diski. Ile ya simu haipitii kwa diski hata kidogo. Diski inaweza kufa kabisa, unaweza hata kuing'oa utie mfukoni, na bado utaendelea kuona wateja wakiingia na kutoka kama kawaida. Maji yakitoka kwa mfereji haimaanishi tangi imejaa, sivyo? Kuna watu wamekaa mwaka mzima wakiangalia mfereji.

Sasa diski inakufa aje. Kwanza inaandika usiku na mchana bila Jumapili. Kuna diski zimetengenezewa hiyo kazi, WD Purple na Seagate SkyHawk ndizo mimi huweka, na kuna ile ya kompyuta ya kawaida yenye ilitengenezewa mtu anayefungua ofisi asubuhi na kuzima jioni. Mteja ataniambia fundi ondoa hiyo kwa bei, binamu yangu ana diski ya kompyuta yake ya zamani. Sawa, ya binamu tutaweka, lakini usinipigie. Pili ni joto, juu rekoda imefinywa mahali hakuna hewa na vumbi la unga limeziba feni. Tatu ni stima kupotea na kurudi mara nne kwa usiku mmoja, diski inakatwa katikati ya kuandika, kila mara. Kaupiesi kadogo tu, kale kabetri ka kushikilia stima ikipotea, kangesaidia, na ukiwa upande wa Kakamega kwenye radi inapiga kama inadai deni, weka pia kizuia mshtuko wa stima kabla ya rekoda.

Lakini chenye kiliniuma kwa huyo mama si diski kufa, vitu hufa. Ni kwamba mashine ilimwambia. Rekoda nyingi diski ikileta shida hulia, tii, tii, tii, mpaka mtu aende aangalie. Nikauliza kijana wa duka kama aliwahi kuisikia. "Ilikuwa inalia sana hiyo Februari fundi, ikawa inasumbua wateja, nikaingia kwa setingi nikazima mlio." Aliingia aje kwa setingi? Paswadi imeandikwa kwa karatasi, karatasi imebandikwa kwa ukuta juu ya rekoda. Tutafika hapo.

Na si lazima diski ife ndio ukose rekodi. Nimepata rekoda yenye mtu alizima ile setingi ya kuandika juu ya za zamani, diski ikajaa, ikasimama hapo. Nimepata yenye fundi mwingine alibadilisha diski akasahau kuifomati ndani ya rekoda, kwa hivyo iko tu pale inazunguka bure. Hizi kamera za waifai za memori kadi ndio usiseme, kadi inachoka kuandikwa kila saa inageuka ya kusomwa tu, ama ilikuwa feki toka dukani, imeandikwa GB 128 na ndani hakuna hata robo. Apu bado inakuonyesha laivu, na wewe unalala usingizi wa amani.

Kwa hivyo hii ndio dawa yangu, na huwa naiambia kila mtu mpaka wananiona kama mhubiri: siku yenye unalipa rent, fungua rekodi, SI laivu. Cheza jana saa nane usiku. Cheza wiki iliyopita. Halafu tafuta siku ya zamani kabisa yenye iko, uone unarudi nyuma siku ngapi. Dakika tano. Hiyo ya tatu ndio watu huruka na ndio inashtua, juu wengi wanadhani wana miezi mitatu. Piga hesabu: kamera moja ikiandika megabiti 4 kwa sekunde inakula karibu GB 43 kwa siku, kamera nne ni GB 172, diski ya TB 1 inajaa kabla wiki iishe na inaanza kujifuta. Ukiweka H.265, ile njia ya kuminya video zaidi, na ushushe hadi megabiti 2 unapata kama siku kumi na moja, na diski ya TB 2 ndio inakufikisha wiki tatu hivi. Mtu anakuja kuniambia anataka kuona nani alichukua mbuzi mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ilishafutwa, mzee wangu.

Ukiwa hapo kwa rekodi angalia na saa yenye imeandikwa kwa kona ya picha. Yule wa agrovet wa Lanet, yeye rekodi alikuwa nayo, safi, mwizi anaonekana anakata kufuli. Shida ni kwamba picha ilisema saa moja asubuhi na nje ni giza totoro. Afisa alimuuliza, hapa kwenu jua hutoka saa ngapi? Mashine ilitoka kiwandani ikiwa kwa saa ya Beijing, GMT+8, sisi tuko +3, kwa hivyo wizi wa saa nane usiku ukaandikwa saa moja asubuhi, na hakuna mtu alikuwa amegusa hiyo setingi tangu siku ya kwanza. Kuna zingine zinarudi mwaka 2000 kila stima ikipotea, hiyo ni kibetri kidogo cha CR2032 kwa bodi kimeisha, kitu cha bei ya soda mbili tatu. Na kama kesi itafika kortini, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti cha mtu anayeeleza hiyo rekodi ilitolewa aje na kwa mashine gani, kwa hivyo itoe mapema kwa flashi kabla haijafutwa na usiitume tu kwa WhatsApp, inaminywa mpaka sura inakuwa uji.

Mama wa Kondele ana diski mpya sasa. Mlio nimeurudisha, na yule kijana nimemwambia siku ikilia anipigie mimi kabla hajagusa kitufe.

Haya, zingine.

"Bundles zikiisha kamera inazima." Hapana. Kamera za waya zinarekodi kwa rekoda ndani ya duka lako, hazijui kama Safaricom iko ama haiko. Intaneti ni ya wewe kuchungulia ukiwa mbali, basi. Na ukichungulia, tumia picha ndogo, ile ya megabiti nusu hivi inakula karibu MB 230 kwa saa, ukiweka ile kubwa ya megabiti 4 unamaliza GB nzima na zaidi kwa saa moja halafu unasema fundi alikuibia bundles.

"Ni megapikseli mingi, tutavuta sura." Hapa sinema zimetuharibia watu. Polisi kwa TV anasema vuta, vuta zaidi, na sura inatokea na chunusi zake. Kwa kweli ukivuta picha unapanua vijiboksi tu, hizo ndizo pikseli. Kiwango chenye wataalamu hutumia ndio utambue mtu usiyemjua ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana, gawanya, unapata mita 7 na kitu. Sasa lenzi ya 2.8 mm yenye kila mtu anataka kwa sababu "inaona kote", huo upana inaufikisha mita tatu tu mbele yake! Zaidi ya hapo utajua ni mtu, utajua ana kofia, hutajua ni nani. Ndio maana mtu akiniambia niweke kamera moja kwa kona ya paa ione geti, ploti, na choo cha nje, mimi hukataa. Weka moja pana ikuonyeshe kilichotokea, na nyingine ya lenzi ya 6 mm iangalie pale geti tu kwenye kila mtu lazima apitie, kwa urefu wa sura, si juu ya mlingoti ikikupigia picha za vipara.

"Paswadi ya nini, sina siri yoyote." Kumbe hakuna mtu anataka kuona duka lako. Wanataka mashine yako. Mwaka wa 2016 kuna virusi viliitwa Mirai, vilikuwa na orodha ya majina na paswadi za kiwandani kama 60 tu, vikazunguka intaneti nzima vikijaribu hizo hizo kwa kamera, rekoda na rauta, na mwezi wa Oktoba vikatumia hilo jeshi kuangusha Dyn, kampuni ya kule Marekani iliyokuwa inaelekeza watu kwa tovuti, Twitter na Netflix zikalala kwa watu wengi. Kwa kamera tu! Kwa hivyo badilisha ile ya kiwandani siku ya kwanza, usiweke namba ya simu yako, kijana wa duka mfungulie jina lake la kuangalia tu lisiloweza kugusa setingi, sasisha programu ya mashine, na fundi akikwambia anafungua mlango kwa rauta ndio uone ukiwa mbali, mwambie atumie ile ya kuskani QR ama aweke VPN, njia ya siri ya kuingia kwa mtandao wako. Na ile karatasi ya ukutani, toa.

"Ya waifai haina waya." Ina waya wa stima, ndugu yangu, ama unadhani inakula nini. Na nyingi zinashika 2.4 GHz pekee, ukuta mbili za mawe na mabati katikati na imepotea. Kama ni duka ama boma la kudumu pitisha waya wa PoE, mmoja unabeba stima na picha mpaka mita 100, lakini uwe wa shaba yenyewe, si ule wa alumini uliopakwa shaba wenye unauzwa nusu bei halafu kamera inazima kila usiku taa zake zikiwaka.

"Rekoda ikae karibu na kaunta tuione." Na mwizi aione pia. Mwizi mwerevu anabeba hiyo kwanza. Ifungie kwa kabati la chuma lenye matundu ya hewa, chumba kingine.

Halafu ya mwisho, ya "kamera usiku imeharibika, inaonyesha ukungu mweupe na inanitumia alati (arifa) mia mbili." Hiyo nikipigiwa huwa najua kabla mtu hajamaliza. Ni buibui. Kuzunguka lenzi kuna zile taa za infraredi za kuonea gizani, wadudu wakikusanyika hapo buibui anajua biashara iko wapi, anajenga mbele ya lenzi, mwanga unagonga utando unarudi kwa kamera na picha yote inakuwa maziwa. Na hapa karibu na ziwa, wale wadudu wanaopanda kama moshi kutoka majini wakishafika mjini jioni, ni balaa, kila mmoja kwa kamera ni mtu anatembea. Taa ya kawaida ya nje weka mbali na kamera, mita tatu nne, iwavute huko. Lenzi panguza na kitambaa laini chenye maji kidogo, usiisugue na Vim. Utando chukua ufagio wa mkono mrefu, pitisha polepole, usigonge kamera ikageuka kuangalia mbinguni. Ukinipigia mimi nitakuja, lakini nitachaji nauli ya boda, na nitachaji ngazi.