Mirambo hakuwa jambazi

Hapa Tabora bado utamsikia mtu akisema Mirambo alikuwa mnyang'anyi tu, mkuu wa kundi la rugaruga, yaani wapiganaji, waliovamia misafara. Maneno hayo yana historia yake. Mwaka 1871, vita vilipofunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, walimwita hivyo, na mwandishi na mpelelezi Henry Stanley, aliyepigana upande wao na kushindwa, akalieneza jina hilo Ulaya.

Lakini Mirambo alikuwa mtemi, yaani mtawala, wa Wanyamwezi. Alianza na Uyowa, akaunganisha tawala jirani hadi makao yake yakawa Urambo. Alichokidai kwa misafara ni hongo, ushuru ambao watemi wengi njiani walitoza. Ugomvi ulihusu nani atawale biashara ya pembe za ndovu. Vijiji vilichomwa kweli, na hilo tusilifiche. Hata hivyo vita vya kugombea njia si ujambazi.

Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alikutana naye, akamsifu kwa upole wake, wakachanjiana damu.

Wengine humchanganya na Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyepambana na Wajerumani hapa Tabora hadi Januari 1893. Mirambo alikuwa amefariki tangu Desemba 1884.