Shusha pumzi kwanza

Usiku mmoja niliitwa wodini kumwona mama aliyetoka kupokea habari za msiba kwa simu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda karibu na masikio, anahema mbio mbio. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja na kukakamaa, na midomo, alisema, ilikuwa imekufa ganzi. Ndugu zake wawili walimpepea kwa kanga wakimsihi, "Vuta pumzi, dada, vuta nyingi!"

Walimhurumia kweli, lakini walikuwa wakimzidishia.

Mimi ni mshauri nasaha, na jambo hili nalirudia karibu kila wiki: anayehema kwa hofu hivi, mara nyingi hakupungukiwa hewa. Anaitoa kabonidioksaidi kupita kiasi. Gesi hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, kichwa kikawa chepesi, vidole vikaingia ganzi, na mtu akaamini anakufa. Hofu inapanda, naye anahema zaidi.

Nilichuchumaa mbele yake. "Pole sana, mama. Fanya kama umeshika kikombe cha uji wa moto. Upulize upoe, taratibu, usimwagike." Akapuliza. Mara ya kwanza pumzi ilikatika njiani. Kwenye ya tano au ya sita mabega yakashuka. Baadaye vidole vikaanza kukunjuka, na hapo ndipo akalia kilio chenyewe, cha msiba. Nilimwacha alie. Utulivu ninaoufundisha haumzuii mtu kulia.

Kiswahili kimelihifadhi jambo hili tangu zamani. Mtu akipata nafuu tunasema ameshusha pumzi, na kupumzika kwenyewe kumezaliwa na pumzi. Mwilini ni hivyo hivyo: ukivuta hewa, moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa, hupungua. Mjerumani Carl Ludwig alilirekodi badiliko hilo mwaka 1847. Anayekanyaga breki ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, na hukanyaga zaidi wakati wa kutoa pumzi. Ndiyo maana nataka kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Basi kaa, weka kiganja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, kiganja kiinuke. Toa ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, ni pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Usijaze kifua kama puto. Ukisikia kizunguzungu, acha, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Dakika tano zinatosha kuanzia.

Akili itakutoroka, itakwenda kwenye ada ya watoto, kodi ya nyumba, neno ulilojibiwa vibaya jana. Usiigombeze. Irudishe kwenye kiganja kinachoinuka na kushuka, hata kama ni mara hamsini.

Wengine huniuliza kama hii ni dini ya watu. Kuiangalia pumzi ni ibada ya kale kwa Wabudha, ni kweli. Lakini tangu 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanza kuwafundisha wagonjwa hospitalini huko Massachusetts, Marekani, zoezi hili limekuwa likitumika pia kama tiba, bila ibada. Muislamu au Mkristo haachi chochote kwa kuhesabu pumzi zake.

Wapo ambao kuifuatilia pumzi huwatia hofu zaidi, hasa waliowahi kukabwa au kunusurika kuzama. Hao mimi huwaambia waiache pumzi, wasikilize nyayo zao zinavyogusa sakafu. Na kama kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, au mtu ana pumu na anakoroma kifuani, usikae kuhesabu. Mpeleke hospitali.