Utanguzi: bunge la jimbo linapofuta sheria ya mji

Julai 2017, mfanyakazi wa kima cha chini katika mji wa St. Louis, Missouri, alikuwa akilipwa dola 10 kwa saa. Kufika Septemba, kazi ileile, bosi yuleyule, sheria ilikuwa imemruhusu bosi kumlipa dola 7.70. Kwa wiki ya saa 40, hizo ni dola 92 zilizotoka mfukoni mwa mtu ambaye tayari anahesabu senti za kodi ya nyumba. Uchumi haukuwa umeanguka, wala baraza la mji halikuwa limebadili mawazo. Lililobadilisha mambo ni bunge la jimbo, linalokaa Jefferson City. Lilipitisha sheria kwamba hakuna mji wowote wa Missouri unaoruhusiwa kuweka kima cha chini cha mshahara kilicho juu ya kile cha jimbo. Gavana hakutia saini, lakini hakuipinga pia, na tarehe 28 Agosti ikaanza kufanya kazi.

Wanasheria wa Marekani hukiita kitendo hiki priempsheni. Hapa nitakiita utanguzi, kutokana na kutangua: ngazi ya juu ya serikali kuifuta sheria iliyotungwa na ngazi ya chini, au kuipiga marufuku kabla haijatungwa. Wakenya wamezoea neno ugatuzi, yaani mamlaka kushushwa kutoka Nairobi hadi kwenye kaunti. Utanguzi ni safari ya kinyume. Mamlaka yanapandishwa tena juu, na mara nyingi yanapandishwa baada tu ya watu wa chini kuyatumia.

Kwa nini jimbo linaweza kufanya hivyo? Jibu ni kwamba Katiba ya Marekani haiitaji miji hata mara moja. Inataja serikali ya shirikisho, inataja majimbo, na Marekebisho ya Kumi yanasema mamlaka ambayo haikuipa serikali ya shirikisho, wala kuyanyima majimbo, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Mji umetokana na jimbo. Mwaka 1868 Jaji John Dillon wa Iowa aliandika kanuni inayotumika hadi leo katika majimbo mengi: mji una yale mamlaka tu ambayo jimbo limeupa, na penye shaka, mji ndio unaoshindwa. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakazia fundo hilo katika kesi ya Pittsburgh. Wakazi wengi wa mji jirani wa Allegheny walikuwa wamepiga kura kukataa kumezwa na Pittsburgh, lakini kura za miji yote miwili zilihesabiwa pamoja, nao wakamezwa. Mahakama ilisema jimbo linaweza kuupanua mji, kuupunguza au kuufuta.

Linganisha na Kenya. Katiba ya 2010 imezitaja kaunti zote 47 kwa majina, na Jedwali la Nne limeorodhesha kazi za kila ngazi. Mivutano haijaisha, pesa zinachelewa, kesi zinakwenda mahakamani kila mwaka. Hata hivyo gavana wa kaunti ana karatasi ya kushika anapobishana na serikali kuu. Meya wa mji wa Marekani, mara nyingi, hana.

Majimbo kadhaa yamejaribu kuipa miji yao ulinzi kidogo kwa kuyaandika mamlaka ya kujitawala ndani ya katiba ya jimbo. La kwanza kufanya hivyo lilikuwa Missouri, mwaka 1875, na mji wa kwanza kunufaika ulikuwa St. Louis. Ndiyo, St. Louis hiyohiyo.

Sasa, mimi ni mtu wa mrengo wa kimaendeleo, na sitadai kwamba kila utanguzi ni dhuluma. California ilipitisha sheria mwaka 2021 inayozuia miji kukataa nyumba za familia mbili katika mitaa iliyokuwa ya nyumba moja moja tu, kwa sababu matajiri wa miji hiyo walikuwa wametumia sheria ndogo kuwafungia wengine nje. Huo pia ni utanguzi, nami nauunga mkono. Kipimo changu ni kuuliza: sheria ya juu inaweka sakafu au inaweka dari?

Sakafu husema msishuke chini ya hapa. Kima cha chini cha shirikisho ni sakafu. Ni dola 7.25 tangu 2009, kidogo cha kusikitisha, lakini jimbo au mji ukitaka kuwalipa watu zaidi haukatazwi na sheria hiyo. Dari husema msipande juu ya hapa. Sheria ya Missouri ya 2017 ilikuwa dari. Iliwakuta watu wamekwisha kupanda, ikawashusha.

Dari inayoniuma kuliko zote ni ya Texas. Mji wa Austin, tangu 2010, ulikuwa na sheria ndogo inayowataka wakandarasi wawape wafanyakazi wa ujenzi dakika 10 za kupumzika kila baada ya saa nne. Dallas ikafuata mwaka 2015. Dakika 10! Ni muda wa kushuka kutoka juu ya paa, kuvua kofia ngumu, kukaa kivulini na kunywa maji. Anayewajua watu wanaoezeka nyumba Texas mwezi wa Julai anajua joto la bati na lami linavyopanda kupitia soli za viatu. Wengi wao ni wahamiaji, na wengi hawathubutu kumwambia msimamizi kwamba kizunguzungu kimewashika. Sheria ndogo ile iliwasemea.

Mwaka 2023 Gavana Greg Abbott alitia saini sheria inayozinyima serikali za miji na kaunti ruhusa ya kutunga sheria katika maeneo makubwa kwa mkupuo mmoja: kazi, kilimo, fedha, biashara, mali na mengineyo. Miji ilikwenda mahakamani. Hakimu wa kaunti ya Travis, ulipo mji wa Austin, akasema sheria hiyo inakiuka katiba ya jimbo, kisha mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikautupilia mbali uamuzi huo. Mwaka uliofuata baada ya saini ya Abbott, Florida nayo ilipitisha sheria ya kuzikataza kaunti kuwawekea waajiri masharti ya kuwakinga wafanyakazi dhidi ya joto, wakati kaunti ya Miami-Dade ilikuwa bado inaijadili ya kwake.

Watetezi wana hoja, na ni haki kuisema: mwenye maduka katika miji kumi hawezi kufuata sheria kumi tofauti. Lakini mwenye maduka huyohuyo analipa kodi za pango tofauti na ada tofauti katika kila mji, na anamudu. Jambo jingine ni kwamba miswada hii haichipuki yenyewe katika kila jimbo. Lipo shirika liitwalo ALEC, lililoanzishwa 1973, linalowakutanisha wabunge wa majimbo na makampuni na kuwapa miswada ya kielelezo.

Na hatuwezi kuzungumzia dari bila kuzungumzia rangi. Februari 2016 baraza la mji wa Birmingham, Alabama, ambako takriban watu 7 katika kila 10 ni Weusi, lilipitisha kima cha chini cha dola 10.10. Mwezi haukuisha kabla bunge la jimbo, lenye Wazungu wengi, halijakitangua. Kuna majimbo yanayokwenda mbali zaidi na kumwadhibu diwani mwenyewe. Florida, tangu 2011, kiongozi wa mji anayetunga kwa makusudi sheria ya bunduki anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 kutoka mfukoni mwake, na hata kuondolewa madarakani.

Turudi Missouri, kwa sababu watu wake hawakukaa kimya. Walikusanya saini, wakalipeleka suala la mshahara kwenye kura ya jimbo zima, na mwaka 2018 asilimia 62 wakakubali kima kipande hadi dola 12. Mwaka 2024 wakarudi tena. Takriban asilimia 58 wakakubali dola 15 ifikapo 2026, pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo: saa moja kwa kila saa 30 za kazi. Likizo hiyo ilianza tarehe 1 Mei 2025. Mama aliyekuwa akipoteza ujira wa siku kila mtoto anapopata homa akaanza kujikusanyia saa zake.

Bunge likapitisha sheria ya kuifuta, na Gavana Mike Kehoe akaitia saini Julai. Huo si utanguzi kwa maana kamili, kwa kuwa safari hii lililotanguliwa si baraza la mji, ni wapiga kura wa jimbo zima. Huko Missouri sheria mpya kwa kawaida huanza kutumika tarehe moja kila mwaka, kwa hiyo likizo ya ugonjwa ilikoma siku ileile ambayo ule mshahara wa St. Louis ulikatwa miaka minane kabla: 28 Agosti.