Damu ya wapi?

Kazi yangu ni kupima dawa katika damu ya marehemu, na asubuhi nimeletewa chupa ndogo yenye kifuniko cha kijivu. Ndani, pamoja na damu, mna floridi ya sodiamu ya kuizuia isiharibike. Lebo ina namba ya jalada na neno moja tu: "damu". Kabla sijaigusa mashine, nikapiga simu mochwari. Damu ya wapi?

Wengi hushangaa, kwani damu si ni ile ile? Kwa aliye hai, karibu ni ile ile, maana inazunguka. Moyo ukisimama, dawa iliyokuwa imetulia kwenye mapafu, ini na misuli ya moyo huanza kuvujia kwenye damu ya jirani. Fentanili, dawa kali ya maumivu, kwa vile inapenda mafuta, ina tabia hiyo sana. Damu ya moyoni iliyochotwa siku mbili baadaye inaweza kuonyesha kiwango kikubwa kuliko alichokuwa nacho marehemu alipokata roho. Ndiyo maana tunataka damu ya mshipa wa paja, ulio mbali na viungo hivyo, tena mshipa ufungwe kwa juu kabla ya kuchota.

Kiwango cha dawa kikipatikana, bado hakijasema kilichoua. Mgonjwa wa saratani aliyezoea mofini, dawa ya maumivu makali, kwa miezi anaweza kuketi akinywa chai na kiwango ambacho kingemuua jirani yake. Akiacha wiki kadhaa kisha akarudia dozi ya zamani, mwili umeshayasahau yale mazoea. Hapo nywele hunisaidia: hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo kipande cha karibu na ngozi hueleza kama alikuwa akitumia.

Halafu kuna kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi. Vidonge vya kodeini vimekutwa kitandani, mimi nakuta mofini, na familia inaanza kutazamana. Ini hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini, na wapo waliozaliwa na kimeng'enya (protini inayofanya kazi hiyo ya kugeuza) chenye kasi mno, dozi ya kawaida ikawazidi. Kwa hofu hiyo, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kuwa watoto chini ya miaka 12 wasipewe kodeini wala tramadoli, dawa nyingine ya maumivu. Heroini huacha alama yake, 6-monoasetilimofini. Nisipoiona kwenye damu, mkojo wala maji ya ndani ya jicho, sina haki ya kumwandikia marehemu heroini.

Na kuna maneno ambayo kila nikiyasikia yananiuma: "Alikuwa anakoroma sana, tukamwacha alale." Dawa hizi za jamii ya mofini hulegeza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na pombe au diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huongeza hatari. Mtu anayekoroma kwa uzito na haamki akiitwa anahitaji hospitali usiku huo huo.

Huku pwani maziko hayangoji, na mwili ukishazikwa siwezi kuomba damu nyingine. Ndugu zangu mnaochota sampuli, andikeni mmechota wapi na saa ngapi.

"Ya moyoni, dokta," nilijibiwa kwenye simu. Mwili ulikuwa bado haujachukuliwa. Nikamwomba arudi na sindano nyingine, pajani.