Majibu ni ya mgonjwa kwanza

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ninakofanya kazi ya tiba shufaa (kutuliza maumivu na mateso ya wenye maradhi mazito), majibu ya kansa mara nyingi humfikia mwana mkubwa kabla ya mgonjwa mwenyewe. Ndiye aliyebeba faili, ndiye aliyelipia kipimo, ndiye anayenivuta pembeni: "Daktari, mama usimwambie. Atakufa kwa mawazo."

Sibishani naye. Namwuliza anaogopa nini hasa, na kama mama analala usiku. Kwa kawaida halali. Mwanamke aliyetokwa damu miezi kadhaa, akapelekwa Mulago, hospitali kuu ya rufaa kule Kampala, akakatwa kinyama cha kupimwa, akarudi na bahasha iliyofungwa kwa gundi, ameshapiga hesabu zake. Anachokosa ni wa kuongea naye.

Basi naomba nimwulize mwenyewe. Utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari mbaya tunaofundishwa, uliochapishwa mwaka 2000 na madaktari wa Marekani na Kanada, unaanza na faragha (wodini kwetu vitanda vimebanana, hivyo faragha ni chini ya mwembe), kisha unatanguliza maswali mawili: unauelewaje ugonjwa wako, na ungependa kuambiwa kiasi gani? Wapo wanaojibu, "Ongea na mwanangu." Hilo nalitii, mradi limetoka kinywani mwake.

Lugha ndiyo inayotusumbua zaidi. Mgonjwa aliyevuka kutoka Kongo, au mke wa askari, tunaelewana kwa Kiswahili. Asipokijua, natafuta muuguzi anayejua lugha yake, si mtoto wake. Niliwahi kueleza kwamba kansa imefika kwenye ini. Binti akafasiri kwa maneno matatu, na mama akatabasamu.

Nikishasema "kansa", nanyamaza. Kwa daktari kijana hii ndiyo ngumu kuliko zote. Anakimbilia kutaja dawa huku mgonjwa hasikii tena chochote.

Akiuliza kama atapona na sina hakika, siahidi. Ninachoweza kuahidi ni kuyashughulikia maumivu. Mofini ya maji hutengenezwa hapa hapa Uganda, na tangu 2004 muuguzi aliyesomea tiba shufaa anaruhusiwa kumwandikia mgonjwa. Baada ya hapo maswali huhama: shamba, karo ya wajukuu, nauli ya kurudi.

Mwisho naandika kwenye faili alichoambiwa na kwa maneno gani. Usiku atamwuliza daktari wa zamu swali lile lile, na majibu mawili tofauti humtia hofu kuliko kansa yenyewe.