Je, wajua kwa nini kufagia uwanja hutuliza kichwa?

Alfajiri, uswahilini Ngamiani, Tanga, fagio la chelewa huanza kazi mapema. Maji hunyunyizwa kwanza, vumbi likae. Kisha mtu anainama, anafagia kutoka mlangoni kwenda nje, na mchanga unabaki na mistari iliyopinda, mmoja ukigusa mwingine. Haijafika saa mbili, kuku na watoto wameshaivuruga. Kesho inachorwa upya, na mchoraji wala hanuni.

Wengi watakwambia ni usafi: penye usafi roho hutulia. Ingekuwa hivyo, utulivu ungekuja kazi ikishaisha, ila mfagiaji huonekana katulia akiwa hata nusu ya uwanja hajafika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walichapisha jaribio la kuosha vyombo. Kundi moja la wanafunzi lilisoma maelezo ya kuosha vizuri. Jingine lilisoma kifungu cha kuwataka watulize akili kwenye joto la maji, harufu ya sabuni na chombo kilichomo mkononi. Kazi ilikuwa ile ile. Kundi la pili wasiwasi ulishuka kwa asilimia 27. La kwanza halikuambulia kitu. (Washiriki wote walikuwa 51 tu, kwa hiyo hiyo 27 usiiapie.)

Basi kinachotuliza ni nini? Ubongo kutwa unabashiri kinachofuata. Mwenye wasiwasi ni kama mtu aliyekwenda stendi ya Kange kumpokea mgeni bila kujua basi lake: kila gari likiingia anasimama, anachungulia, anakaa, na uchovu wake unatokana na kusimama huko kusiko na jibu. Fagio linampa basi linalofika kila sekunde, na ndilo lile alilolitarajia. Jaribio jingine la mwaka 2015 lilikuta kwamba watu waliotiwa hofu ya kuhutubia, wakipewa kitu wakisafishe, mikono yao hurudiarudia miondoko ile ile. Hapo lakini kilichopimwa ni hofu kuzaa marudio. Kama marudio nayo huipunguza hofu, jaribio hilo halikuthibitisha.

Yote haya ni kwa uwanja wa nyumba moja. Masufuria ya pilau ya harusi ni habari nyingine, na ukoko wake sijaona mtu uliyemtuliza.